Mstari wa 1380: niliyojifunza nikitafuta dawa ya ukungu kwenye nyanya

Maji matupu yalikuwa na dawa. Ilikuwa Alhamisi jioni, maabara tumebaki mimi na yule mama fundi tu, nikapitisha maji kwenye chipu (kibao kidogo chenye mfereji mwembamba wa kupitishia maji), maji safi kabisa ya kwenye mtambo wa kuchuja, hayajawahi kukutana na dawa yoyote, nikawasha leza, na kwenye skrini kikatokea kile kilele cha 1380. Hakikuwa kikubwa lakini kilikuwepo, kimechongoka vizuri, kimekaa pale pale kinapokaaga kila nikiweka thiramu. Nikarudia. Kikarudi. Nikabadilisha maji, kikarudi tena.

Thiramu ni dawa ya ukungu. Wengi mmeshaiona bila kujua jina lake, zile mbegu zinazouzwa zimepakwa rangi ya pinki au nyekundu ili mtu asije akazipika, thiramu ni mojawapo ya dawa zinazopakwaga pale. Ulaya waliamua 2018 kutoendelea kuiruhusu kama dawa ya kilimo. Mimi kazi yangu ya masters, huko Ujerumani, ilikuwa kutengeneza kipimo kidogo cha kuiona ikiwa kidogo sana kwenye maji ya kuoshea matunda na mboga. Kwahiyo mtu anayetafuta thiramu akiiona kwenye maji ambayo hayana thiramu, huyo ana shida kubwa, maana hata zile alizoziona kwenye sampuli za kweli hajui tena zilitoka wapi.

Kwanini nilichagua hii kazi. Mimi ni mtoto wa Ilula, Iringa. Ukiwa unapita na basi kwenda Mbeya unaona matenga ya nyanya yamepangwa barabarani, mama yangu kafanya hiyo biashara tangu sijaanza shule. Nimekua naona nyanya zikifika na unga wa dawa umekaukia juu ya ngozi, mtu anaifuta na kanga halafu anang'ata, na hakuna anayeshangaa. Dawa ya ukungu ndo inayopulizwa sana kwa sababu mvua ikizidi kidogo tu bakajani inakula shamba zima ndani ya wiki, na mkulima aliyekopa hela ya mbegu hawezi kukaa anaangalia. Sijawahi kuwalaumu wakulima na siwalaumu leo. Nilichotaka ni kitu kidogo cha kukaa sokoni au kwenye ofisi ya kijiji, kitoe jibu ndani ya dakika chache, kwasababu njia ya kawaida ya kupima haya madawa ya jamii ya thiramu ni ndefu: maabara inachemsha sampuli na asidi mpaka dawa ivunjike itoe kaboni daisalfaidi, halafu ndo wanapima hiyo gesi kwenye mashine kubwa ya gharama. Na hata hapo hawajui ilikuwa dawa gani hasa, zote za jamii hiyo zinatoa gesi ile ile, na kabichi yenyewe kwa asili yake inatoa kidogo hata kama haijapuliziwa chochote.

Sasa nieleze hii kitu inavyofanya kazi maana bila hivyo hamtaona kwanini kilele kimoja kilininyima usingizi.

Mwaka 1928 pale Kolkata, C. V. Raman alionyesha kwamba mwanga ukigonga kitu, karibu wote unarudi na rangi ile ile ulioingia nayo, ila sehemu ndogo mno, tuseme moja katika milioni kumi, inarudi imebadilika rangi kidogo kwa sababu molekuli ilitikisika ikachukua au ikaongeza nguvu. Kila molekuli inatikisika kwa namna yake, hivyo huo mwanga uliobadilika unakuwa kama alama ya kidole ya hiyo molekuli, na namba kama ile 1380 inasema rangi imebadilika kiasi gani. Walimpa Nobel 1930. Shida ni hiyo moja katika milioni kumi, ukiwa na dawa kidogo kwenye maji mengi huoni kitu kabisa.

Halafu 1974 kule Southampton Uingereza, Fleischmann, Hendra na McQuillan walikuwa wanaangalia piridini juu ya kipande cha fedha, namaanisha madini ya fedha sio hela, ambacho walikikwaruza kwa umeme kikawa na uso wa vipele vipele, wakapata ishara kubwa kuliko ilivyotarajiwa. Maelezo yao yalikuwa kwamba uso umekuwa na eneo kubwa zaidi kwahiyo molekuli nyingi zaidi zimekaa. Mwaka 1977 makundi mawili mengine yakaonyesha kwamba hiyo hesabu haitoshi kabisa, kuna kitu kingine: fedha yenye vipele inaukusanya mwanga na kuukuza pale pale juu ya uso wake. Hapo ndo SERS ilipozaliwa, yaani mbinu hiyo ya Raman ikikuzwa na uso wa chuma kama fedha. Huwa naipenda sana hii historia, kwasababu ishara yao ilikuwa ya kweli ila sababu waliyoitoa ndo haikuwa yenyewe, na watu wa kazi yetu tunaishi kwenye hilo pengo kila siku.

Siku hizi badala ya kukwaruza kipande cha fedha tunatengeneza chembe ndogo sana zinazoelea kwenye maji. Zikisogeleana mpaka nafasi kati yao iwe chini ya nanomita 10 (unywele wa mtu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita), hapo katikati mwanga unakuzwa mno, na molekuli iliyobahatika kukaa hapo inapiga kelele. Mapishi maarufu ni ya Lee na Meisel ya 1982, unachukua miligramu 90 za naitreti ya fedha kwenye mililita 500 za maji, unachemsha, unadondoshea mililita 10 za sitreti ya asilimia moja, unaacha ichemke lisaa limoja. Nakumbuka mara yangu ya kwanza, maji yalikaa meupe muda mrefu nikaanza kuwaza nimekosea kupima, halafu ghafla yakashika unjano hafifu, dakika chache baadae yakawa kama tui la nazi lililodondoshewa manjano, mwishoni kijivu cha kijani kijani. Nilipiga picha nikamtumia mama. Akaniuliza, "Hiyo ndo supu gani tena mwanangu?"

Basi jamani, hiyo supu haitoki sawa mara mbili. Ya Jumatatu na ya Jumatano, mtu yule yule, chombo kile kile kilichooshwa kwa asidi, moja inatoa ishara mara mbili ya nyingine. Kasi ya kudondosha, moto, jinsi inavyokorogwa, vyote vinaingia. Baadae nikahamia kwenye mapishi ya Leopold na Lendl ya 2003 yanayotumia haidroksilamini, hayahitaji moto na yanaisha ndani ya dakika chache, nafuu ilikuwepo ila shida haikuisha. Niliyojifunza hapo ni kutengeneza nyingi kwa mkupuo, kuchanganya mitungi miwili mitatu kuwa mmoja, kupima rangi yake kwenye mashine kabla sijaitumia, na kuandika namba ya mtungi kwenye kila spektra, yaani kila mchoro wa vilele unaotoka kwenye mashine. Kila spektra. Ile usiyoiandika ndo utakayoihitaji.

Sasa chipu inaingia wapi. Ukifanya hii kazi kwenye kichupa, unachanganya chembe na sampuli, halafu unatia chumvi ili chembe zisogeleane. Chumvi ikiingia saa inaanza kuhesabu. Sekunde 20 jibu moja, dakika mbili jibu lingine, ukichelewa zaidi chembe zote zimeshikana zimezama chini kama majivu na huoni kitu. Mkono wa mtu hauwezi kurudia sekunde zile zile mara mia mbili. Kwenye mfereji mwembamba maji yanatembea kwa kasi isiyobadilika, kwahiyo umbali unageuka kuwa muda: ukielekeza leza sentimita kadhaa kutoka pale chumvi inapoingilia, kila tone linalopita hapo limekaa na chumvi muda ule ule, leo na kesho. Kwangu hii ndo sababu ya kweli ya kutumia hivi vimifereji. Hizo nyingine za kusema vinatumia sampuli kidogo sijui vinabebeka mfukoni, sawa, lakini hiyo ya muda ndo iliyoniokoa.

Ila chipu yangu ya kwanza haikufanya kazi kabisa na sababu ni kwamba nilifikiri kwa akili ya sufuria. Mfereji wangu ulikuwa na upana wa maikromita 200 na kina cha 100, nasukuma maikrolita 10 kwa dakika. Piga hesabu, maji yanakwenda kama milimita 8 kwa sekunde. Nikaingiza chembe upande mmoja na sampuli yenye chumvi upande wa pili, nikiamini zitachanganyika zenyewe. Hazikuchanganyika. Kwenye hadubini niliona kwa macho yangu mito miwili, wa njano na usio na rangi, imekaa ubavu kwa ubavu mpaka mwisho wa mfereji kama magari mawili kwenye barabara, kila moja na njia yake, hakuna anayemwingilia mwenzake. Maji kwenye nafasi ndogo namna hiyo hayavurugiki, kilichobaki ni molekuli kusambaa taratibu zenyewe, na hiyo inataka sekunde kama kumi kwa molekuli ndogo kuvuka huo upana, wakati mfereji wangu wa sentimita mbili ulikuwa unaisha ndani ya sekunde mbili na nusu. Chembe za fedha zenyewe ndo kabisa, ni kubwa, zinasambaa kwa madakika. Nikachora upya, mfereji wa kwenda na kurudi kama utumbo, jumla sentimita 30, na sakafuni nikaweka vile vimatuta vya mshazari ambavyo vinaulazimisha mkondo ujizungushe. Siku ile njano iliposambaa mfereji mzima nilikaa tu naiangalia.

Mambo mengine nayapitia haraka maana kila aliyegusa hizi chipu anayajua. Viputo vya hewa: acha maji yatulie kwanza, jaza mfereji polepole, usitikise pampu. Leza ikiwa kali sana inachoma sampuli na unapata vilima viwili vipana, karibu na 1350 na 1580, hiyo ni kaboni tu, masizi, sio ugunduzi. Ule mpira wa silikoni tunaotengenezea chipu, PDMS, una vilele vyake wenyewe, 488 na 707, na pia unanyonya molekuli zinazopenda mafuta, kwahiyo dawa nyingine inaingia ukutani kabla haijafika kwenye leza na wewe unaandika kwamba sampuli ni safi. Kama unaweza kupata chipu za kioo, tumia kioo. Na kila asubuhi weka kipande cha silikoni ngumu (ile ya chipu za kompyuta, sio ule mpira) uhakikishe kilele chake kipo 520, usiamini mashine kwasababu jana ilikuwa sawa.

Kingine ni kumbukumbu. Chembe za fedha zinaganda kwenye kuta zikiwa zimebeba dawa, ukileta sampuli inayofuata, ile ya zamani bado inaongea. Ndo maana unaanza na sampuli nyepesi kwenda nzito, kamwe sio kinyume. Watafiti wa Jena walionyesha 2007 njia nzuri zaidi, sampuli na chembe zinakatwa kuwa vitone vinavyoelea ndani ya mafuta, kitone hakigusi ukuta, kwahiyo ukuta hauna cha kukumbuka. Mimi mwanzoni sikuwa na huo mfumo, nilikuwa na mfereji wa kawaida tu.

Kwahiyo ile Alhamisi, nilipoona 1380 kwenye maji matupu, kichwa kikakimbilia hapo hapo: kumbukumbu ya ukuta. Nikatupa chipu nikachukua mpya ambayo haijawahi kuguswa na thiramu. Kilele kikarudi. Nikasema basi ni sitreti, nayo ina kitu karibu na 1400, lakini cha sitreti ni kipana kama mgongo wa ng'ombe na hiki changu kilikuwa sindano. Na mtungi wa haidroksilamini, ambao hauna sitreti hata tone, ulikitoa vile vile. Nikashuku glovu, kwa sababu glovu nyingi za maabara zinatengenezwa kwa kemikali za jamii hii hii, nikanunua za vinaili kwa hela yangu. Kikapungua? Hapana. Wiki ya kwanza ikaisha. Ya pili nikaosha kila kitu, meza, chupa, mirija, nikabadilisha mirija yote. Kuna siku kilipotea kabisa, nikafurahi nikampigia mama, kesho yake kikarudi kikubwa kuliko mwanzo. Hicho kitendo cha kupotea na kurudi ndo kilinivuruga zaidi, maana uchafu wa kawaida haufanyi hivyo.

Yule mama fundi alikuwa ananiangalia tu siku zote hizo. Ni mtu mzima, kakaa na zile mashine miaka mingi, haongei sana. Wiki ya tatu akavuta kiti akakaa pembeni yangu akaniuliza swali moja: siku ile kilipopotea, sampuli ilikaa kwenye sirinji muda gani? Sikujua. Sikuwahi kuandika. Nilikuwa naandika namba ya mtungi, nguvu ya leza, kasi ya pampu, joto la chumba, lakini muda ambao maji yalikaa ndani ya sirinji kabla ya kusukumwa, hiyo kwangu haikuwa hata kitu cha kuandika. Akanyanyuka akachukua maji kwa pipeti ya kioo, akayachanganya na fedha kwenye kichupa, tukapima. Hakuna kitu, mstari bapa. Akavuta maji yale yale kwenye sirinji ya plastiki akayatoa hapo hapo. Kitu kidogo sana. Akajaza sirinji nyingine akaiacha mezani akaniambia twende nyumbani.

Asubuhi 1380 ilikuwa imesimama kama mnazi.

Ule mpira mweusi wa mwisho wa kisukumio. Thiramu, kumbe, kabla na baada ya kuwa dawa ya shambani ni kemikali ya viwanda vya mpira, inatumika kuharakisha mpira uive ukomae. Yeye ndo aliniambia kwamba mwaka 1937 daktari mmoja Mmarekani aliandika kuhusu wafanyakazi wa kiwanda walioshika kemikali hii kazini, wakinywa pombe hata kidogo wanaumwa, na kemikali iliyo ndugu wa karibu wa thiramu ndo mpaka leo inatumika kama dawa ya kuacha ulevi. Nilikata kipande cha ule mpira nikakiloweka kwenye ethanoli usiku kucha, tone moja kwenye fedha, vikatoka vilele vyote vinne vya thiramu, 560, 1145, 1380, 1510. Sasa iwe ilikuwa thiramu yenyewe au ndugu yake wa zinki, hiyo SERS haiwezi kusema, kwa sababu thiramu ikifika kwenye fedha inavunjika katikati, pale salfa mbili zilipoungana, kila nusu inajishika kwenye fedha kwa salfa yake, na nusu hizo zinafanana na za huyo ndugu. Mashine inakwambia nini kimejishika kwenye fedha. Kimetoka wapi na kilikuwa nani kabla hakijavunjika, hilo unalitafuta wewe.

Siku niliyokwenda kumwambia msimamizi wangu kwamba namba zote za chini, zile nilizokuwa najivunia, haziwezi kutumika, nilikaa nje ya mlango wake kama robo saa. Hakunigombeza. Alisema tu rudia kwa sirinji za kioo, na ongeza safu kwenye daftari. Nikarudia, wiki tatu nyingine. Mpaka leo safu hiyo ipo kwenye daftari langu, "muda kwenye sirinji", na kila mwanafunzi anayekuja kwangu naanza naye hapo kabla hata hajaiona leza.

Lakini somo lililoniuma kuliko hilo lilikuja baadae na halikuhusu sirinji.

Kwenye maji safi kipimo changu kilikuwa kizuri sana. Nikaleta nyanya. Kwanza nilisaga nikachuja juisi nikaipitisha, ikawa kimya, kama mashine imezimwa. Nyanya ina asidi zake, ina protini, ina rangi, vyote vinakimbilia kwenye fedha vinaifunika, thiramu niliyoiweka mwenyewe kwa mkono wangu haikupata pa kukaa. Nikaacha kusaga, nikawa naosha ngozi ya juu tu, hapo ndo ikaanza kuonekana, ila ilibidi iwe nyingi kiasi cha mara mia kuliko kwenye maji safi ndo nione kilele cha uhakika. Kwahiyo mtu akikuletea kipimo cha aina hii anakwambia kinaona mpaka kiasi fulani kidogo cha ajabu, muulize kwenye maji ya nini. Na usipime kwa kulinganisha na mstari uliouchora kwenye maji safi. Chukua maji ya kuoshea nyanya yale yale, yagawe, moja acha hivyo, nyingine ongeza thiramu unayoijua kiasi, nyingine ongeza mara mbili, uone ishara inapanda vipi ndani ya uchafu ule ule, halafu ndo urudi nyuma kuhesabu ilikuwemo ngapi.

Hapo bado sijafika penyewe. Likizo ya Desemba nikaenda nyumbani, nikawa nimekaa na mama pale barabarani, shikamoo na kamwene za wateja zinaendelea, nikaanza kusoma maboksi matupu ya dawa yaliyotupwa pembeni ya mashamba. Mankozebu. Mankozebu. Mankozebu tena. Thiramu hata moja sikuiona. Nilikuwa najua hilo kwa kusoma, kwamba nyanya zetu zinapuliziwa zaidi mankozebu, lakini nilijipa moyo kuwa ni jamii moja, nitaanza na hii rahisi halafu nitahamia. Kumbe mankozebu ni mnyororo mrefu wenye manganizi na zinki, haiyeyuki kwenye maji, inakaa kama unga, na kile kipimo changu kilichokuwa kinaona thiramu kwa ufundi wote ule kilikuwa karibu kipofu kwake. Nilikuwa nimetumia mwaka na nusu kupima sumu inayopendwa na fedha, sio ile inayopulizwa Ilula. Na sio mimi peke yangu, ukifungua kazi nyingi za SERS utakuta thiramu, malakaiti kijani, rodamini, melamini, vitu vinavyoshikana na fedha vizuri, na nadhani sisi wa fani hii tunatakiwa tuliseme hili waziwazi badala ya kuendelea kuringishiana nani kaona thiramu ndogo zaidi.

Nilimweleza mama kwa lugha ya kawaida. Alisikiliza huku anapanga nyanya, zilizoiva juu, ngumu chini. Akasema, "Sasa mwanangu, hiyo mashine ikishajua, itanijulisha kama mtu kapulizia jana?" Nikamwambia hapana mama, itasema kiasi, haitasema siku. Akanyamaza kidogo. "Maana tatizo lipo hapo. Kwenye boksi wameandika usubiri siku kadhaa, lakini gari la Dar likifika na bei imepanda, nani anasubiri? Na mimi nikishanunua tenga kwa hela yangu, halafu kimashine kikaniambia ina dawa, nalipeleka wapi?"

Sikuwa na jibu, na naomba msifikiri kuna kifaa kitakacholijibu hilo. Ila liliniambia kipimo kinatakiwa kukaa wapi: sio barabarani kwake, ni kule shambani, kabla ya kuvuna, wakati kusubiri siku tatu zaidi bado kunawezekana na hakuna hela iliyotoka mfukoni mwa mtu. Hiyo inabadilisha kila kitu, hata uchoraji wa chipu. Shambani hakuna maji ya mtambo, umeme wa kuhangaika, na vumbi la mankozebu lipo hewani, kwenye nguo, kwenye vidole vya anayepima.

Kwahiyo sasa hivi niko kwenye mankozebu. Inayeyushwa kwa EDTA, kemikali inayoyang'ang'ania madini, ikiwa imetiwa alkali kidogo, EDTA inazing'oa zile manganizi na zinki na mnyororo unaachia, hii ni njia ya zamani ya maabara sijaibuni mimi. Shida EDTA nayo inagombania nafasi kwenye fedha, na dawa ikishaachiwa inaanza kuharibika, kwahiyo muda ni kila kitu, na hapo mfereji unarudi kuwa na maana: ngozi ya nyanya inaoshwa, EDTA inaingia sentimita kadhaa kabla ya fedha, fedha inaingia, leza inasoma, kila tone na sekunde zake zile zile. Vitone kwenye mafuta navyo nimevianza. Vilele vyake haviko pale pale pa thiramu na havijachongoka vile, kuna siku navisoma vizuri na kuna siku sina uhakika, na siku nisiyo na uhakika naandika hivyo hivyo kwenye daftari.

Leo asubuhi nimefika saa moja, kipande cha silikoni kikasoma 520. Nikajaza sirinji ya kioo maji matupu, nikaandika saa, nikayaacha humo dakika 30 makusudi, halafu nikayapitisha. Nikavuta skrini karibu nikaangalia kuanzia 1300 mpaka 1450 polepole. Hakukuwa na kitu. Nikaandika "tupu, safi, dakika 30", ndo nikafungua mfuko wa nyanya.